Bedford la jeshi na chumvi ya Mombasa: shajara ya mradi

Novemba

Lori limepatikana. Ni Bedford MK, magurudumu manne yote yanavuta, la kubeba tani 4. Jeshi la Uingereza lilianza kuyatumia haya miaka ya 1970, na kiwanda kilikuwa Dunstable. Ndugu yake wa kiraia ni Bedford TK, na mtu yeyote wa pwani wa makamo na kuendelea anamjua: ndiye aliyebeba saruji, mahindi, mbao na harusi kabla malori ya Kijapani hayajatujaa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kulitaka hili na si jingine. Fundi wa TK bado yuko mjini, na mkono wake haujasahau.

Sababu ya pili ni sheria. Kuagiza la nje hakuwezekani. Kiwango cha KS 1515, kanuni ya Kenya ya ukaguzi wa magari, hakiruhusu kuingiza nchini gari lililotumika lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Bedford wa mwisho kabisa ameshapita hapo zamani. Kilichobaki ni mnada wa mali ya serikali iliyotolewa kazini. Sheria ya ununuzi wa umma na uondoaji wa mali ya 2015 imetaja njia zake, na kwa raia wa kawaida zilizo wazi ni zabuni na mnada. Tangazo hutoka gazetini. Unakwenda siku ya kuangalia, unaweka amana, unaandika bei yako kwa namba ya fungu, unasubiri. Ukishinda unalipa salio ndani ya muda uliowekwa, la sivyo amana imekwenda. Gari linauzwa kama lilivyo, hapo lilipo, na hakuna wa kumlalamikia baadaye. Kwa hiyo siku ya kuangalia ndiyo yenye thamani kuliko siku nyingine yoyote ya mradi huu.

Nilikwenda na ami, fundi mstaafu aliyetengeneza TK Shimanzi tangu ujana wake. Wanunuzi wengine walikuwa wameinua vifuniko vya injini, wanachungulia. Kwa Bedford hii hakuna boneti: injini iko nyuma ya viti, na unaifikia kwa kuinua vifuniko viwili, kimoja kila upande, nyuma ya milango. Ami hakuvigusa. Alitandika gunia, akaingia chini na nyundo ndogo na bisibisi, akaanza kugonga chesisi, yale mapao ya chuma yanayobeba lori zima, kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinameza sauti, na bisibisi inazama.

“Ami, injini huitazami?” nikamuuliza.

“Injini hii, mwanangu, nikipata gasketi na ringi nitaifanya. Chesisi ikioza sina la kukufanyia. Na wewe unalipeleka Mombasa.”

Maneno hayo ndiyo nimeyafanya msingi wa kazi yote. Anayetaka lori la jeshi hapa pwani asinunue injini, anunue chuma. Upepo wetu una chumvi mchana na usiku, na kile ambacho Nanyuki au Gilgil kingekaa miaka kumi bila kubadilika, hapa masika mawili yanakimaliza. Hili letu lilikuwa limeishi bara, pakavu. Chesisi ilikuwa nzima. Kutu ilikuwa kwenye pembe za chini za kebini, kwenye sanduku la betri, na kwenye vyuma vinavyobeba sakafu ya bodi. Hayo yote yanafanyika. Nikaandika bei.

Desemba

Limeshuka juu ya trela, likapita Mariakani na Mazeras, likashushwa kwenye uwanja wa mjomba huku Jomvu. Majirani wamelipokea vizuri, na watoto wamegundua kile kidirisha cha mviringo juu ya paa la kebini, upande wa abiria, ambapo askari husimama kuangalia nje. Nimekifunga kwa kufuli kwa sasa.

Injini ni dizeli ya silinda 6, lita 5.4. Hatukuiwasha kwa pupa. Tulitoa nozeli zote za kunyunyizia dizeli, tukatia oili kidogo kila silinda, tukaiacha ikae, kisha tukaizungusha kwa mkono kwa chuma kwenye puli ya mbele mpaka ikazunguka bila kukwama. Tangi tulilishusha kabisa. Ndani kulikuwa na tope jeusi la dizeli iliyolala na maji chini yake. Tukaliosha, tukabadilisha filta, tukasafisha mirija kwa upepo. Nozeli zilikwenda kwa fundi wa pampu. Ziliporudi tukatoa hewa kwenye mirija, na ikawaka, ikatoa moshi mweupe kidogo, ikatulia. Geji ya oili ikapanda mahali pake. Sina zaidi la kusema juu ya injini mwaka huu, na ami alinitabiria hivyo.

Januari

Breki. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu lori la tani zote hizi bila breki halina haki ya kutoka langoni.

Mfumo wake ni wa upepo na mafuta pamoja: kompresa inajaza matangi, upepo unasukuma, lakini kinachofika gurudumuni ni mafuta ya breki. Maana yake una magonjwa ya namna mbili. Na yote mawili, kwa Mombasa, chanzo chake ni unyevu.

Kabla ya breki kuna magurudumu. Tairi ni 12.00-20 na rimu zake ni za vipande, zenye ringi ya chuma inayoshikilia upande mmoja wa tairi. Ringi hiyo ikichomoka na tairi lina upepo, inaua mtu. Sisemi kwa kutisha. Utaratibu wetu ni huu: kwanza ng'oa sindano ya ndani ya valvu, acha upepo wote utoke, pitisha waya kwenye tundu kuhakikisha halikuziba, ndipo uguse ringi. Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, bomba la upepo liwe refu, na mtu asimame pembeni, asisimame mbele ya ringi. Kule Miritini na Changamwe mafundi wa tairi za malori makubwa ni wengi na wana uzoefu, lakini si wote wenye kizimba. Mimi naenda kwa mwenye kizimba, hata foleni iwe ndefu. Ringi mbili zilikuwa zimeliwa na kutu ukingoni. Hizo hazichomelewi wala kunyooshwa. Zimetupwa, nimetafuta nzima.

Sasa silinda ya gurudumu. Tulifungua ya nyuma kushoto kwanza. Kifuniko cha mpira cha nje kilipotoka, ndani hakukuwa na mafuta bali ujiuji wa rangi ya chai, na pistoni imegandamana na ukuta. Ami aliitoa kwa subira, akaipangusa silinda kwa kitambaa na spiriti, akaielekeza juani ili nione mwenyewe. Chini kabisa, pale maji yanapotulia, palikuwa na vishimo vidogo kama punje za ufuta vimejipanga mstari. Ukiweka mpira mpya juu ya vishimo hivyo utashika wiki chache, kisha utavuja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na maji yakishaingia hukaa chini ya silinda yakila chuma polepole.

Silinda mpya za MK huuzwa Uingereza, ambako wapenzi wa malori haya wako wengi, lakini usafirishaji wake ni mzito kuliko bei yake. Tulichagua njia ya hapa. Fundi wa kukereza alipanua kila silinda kidogo, akaingiza bushi ya stenlesi, akaikereza kurudi kwenye kipimo cha asili. Stenlesi haitaliwa tena. Mipira na gasketi nyingine tumezipata kwa mfanyabiashara mjini anayeleta spea kutoka Pakistan, nchi ambayo Bedford wa zamani bado wako barabarani kwa wingi. Mirija ya chuma yote tumeibadilisha kwa ya shaba ya aina ya breki.

Utaratibu tuliouweka kuanzia sasa: mafuta ya breki yanabadilishwa yote kila mwaka kabla ya masika, na koki za matangi ya upepo zinafunguliwa kila jioni lori likitumika. Hewa yetu ni nzito. Kompresa ikifanya kazi nusu siku, maji yanayotoka kwenye koki unaweza kuyakinga kwa kikombe.

Februari na Machi

Kutu na rangi. Kaskazi inavuma, jua kali, mvua hakuna, na huu ndio muda pekee wa kazi hii. Masika ikishika umechelewa.

Kwanza kuosha, na hapa pana jambo ambalo mgeni wa pwani halijui. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi. Ukiosha chesisi kwa maji ya kisima unaiongezea kile unachotaka kukiondoa. Tulinunua maji ya bauza, lori la maji, yasiyo na chumvi kabisa, tukaosha kila kona, hasa pale bamba mbili zinapolaliana, ndani ya mikono ya springi, na juu ya tangi. Kwa siku za usoni nimeweka tangi la kuvuna mvua ya paa, na hayo ni ya lori peke yake.

Milango ilikuwa na tundu za kutolea maji chini, zote zimezibwa na rangi ya jeshi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana pembe zilioza: maji yaliingia juu ya kioo yakakosa pa kutokea. Tumezifungua kwa waya, tumekata chuma kibovu mpaka tukafika kizima, tumechomelea vipande vipya. Ndani ya milango na ndani ya nguzo za kebini tumepuliza nta ya magari.

Wengi wanaoishi na malori hapa hupuliza oili chafu chini ya gari, wakisema inazuia kutu. Mimi siikubali tabia hiyo. Oili inalainisha na kuvimbisha mipira, na chini ya Bedford kuna mipira ya breki, bushi za springi na sili. Inashika mchanga, na mchanga wa kwetu una chumvi yake. Halafu inadondoka ardhini, kwenye uwanja ambao una kisima na watoto wanacheza. Nta na rangi nzuri vinatosha.

Na rangi nzuri tunayo, kwa sababu huu ni mji wa meli. Hapa ndipo nilipofurahi kuliko mahali popote katika mradi huu. Chumvi inayotutesa ndiyo iliyowaleta mafundi wanaojua kupambana nayo: watu waliopiga mchanga na kupaka rangi matumbo ya meli maisha yao yote. Mmoja wao, kijana wa Mtongwe, alikuja na mashine yake akapiga chesisi na vyuma vya bodi mpaka vikawa vyeupe. Akanipa sharti: “Bro, nikimaliza kupiga, praima iingie leo leo. Kesho asubuhi utakuta imebadilika rangi.” Niliacha kipande kimoja kidogo cha chuma mezani, bila rangi, ili nione. Alfajiri kilikuwa cha hudhurungi kote.

Kanuni yake nyingine ni ya umande. Chuma chenyewe lazima kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua, la sivyo unapaka rangi juu ya maji usiyoyaona. Kwa vitendo, tulipaka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, tukasimama. Praima yenye zinki kwanza, kisha epoksi ya meli tabaka mbili, kisha rangi ya juu. Kwenye ncha na kwenye mishono ya kuchomelea tulipaka kwa burashi kabla ya kupuliza, kwa sababu rangi ya kupuliza hukimbia ncha, na kutu huanzia nchani.

Rangi ya juu si kijani. Wapo watakaosikitika, na mimi mwenyewe naupenda ule ukijani. Lakini tunaishi kwenye mji wenye kambi ya jeshi Nyali na kambi ya wanamaji Mtongwe, na lori la raia halipaswi kumfanya askari au mwananchi yeyote adhani ni la kazini. Kebini ni rangi ya maziwa, bodi ni buluu iliyokolea. Namba za zamani za jeshi zimefutwa zote. Kibati cha kiwanda ndani ya kebini nimekiacha na nimekisafisha kwa mswaki.

Aprili

Kusi imeanza, mvua imefika, tumehamia ndani ya kebini kwenye umeme.

Mfumo ni wa volti 24: betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Aliyekuwa nalo mwisho alikuwa amechukua waya wa redio kwenye betri moja. Hilo linaua betri zote mbili, moja kwa njaa na nyingine kwa kuchajiwa kupita kiasi, kwa sababu altaneta inaziona kama kitu kimoja. Nimeng'oa, nimeweka kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, na kila kitu cha volti 12 kinatoka hapo. Ncha zote za waya zimekatwa, zimesafishwa na kubanwa upya. Waya wa shaba hapa hugeuka kijani hata ndani ya plastiki yake.

Tulipokuwa tukifuata waya mmoja kwenda nyuma tulifika chini ya bodi, kwenye taa ndogo inayoangalia difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Tukakwangua tope, na kumbe difu yenyewe imepakwa rangi nyeupe. Ni taa ya msafara. Usiku wa vita taa zote za lori huzimwa, na taa hii peke yake inamulika ule weupe wa difu. Dereva wa nyuma anaufuata, na aliye angani haoni kitu. Nimetafuta glopu ya volti 24, nimepaka difu upya nyeupe, na swichi yake inafanya kazi. Haina matumizi yoyote kwangu, lakini nisingeweza kuiacha imekufa.

Mei

Sakafu ya bodi. Mbao za zamani zilikuwa zimeoza, nimeweka mvule, na aliyezipanga ni fundi wa majahazi kutoka Mji wa Kale. Alitaka kuzipaka sifa, yale mafuta ya papa ya vyombo, na nikamwachia. Harufu imekaa wiki kadhaa, majirani wamevumilia, na maji sasa yanateleza juu ya mbao. Turubai limeshonwa mjini kwa kipimo cha vyuma vyake vya upinde.

Julai

Makaratasi. Gari la jeshi halina kitabu cha gari kama haya yetu, kwa hiyo barua ya mnada na stakabadhi za malipo ndizo zinazolizaa upya huko NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari. Zitunzeni kuliko funguo. Jina, namba ya chesisi na namba ya injini zilingane herufi kwa herufi kwenye kila karatasi, na mkiweza sahihisheni kabla hamjatoka na lori kwenye uwanja wa mnada, maana kurudi baadaye ni safari ndefu. Kwa uzito wake limehitaji spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa na vibao vya kuakisi mwanga nyuma. Gavana hiyo haitapata kazi nyingi. Lori lenyewe likifika 70 linakuambia kwamba linatosha. Ukaguzi limepita. Mkaguzi alishughulika na breki kwa muda mrefu, na nilifurahi kumwona akishughulika.

Agosti

Safari ya kwanza ya maana: Jomvu, Miritini, kupanda hadi Mazeras, kisha njia ya Kaloleni. Ami alikaa upande wa abiria. Ndani kuna kelele na joto, injini ikiwa mgongoni mwako, na kuzungumza ni kwa kupaza sauti. Kwenye mlima wa Mazeras nilishuka gia mapema, joto la maji halikuyumba.

Juu tulisimama, ami akazunguka akishika kila habu, kitovu cha gurudumu, kwa kiganja. Tatu vuguvugu, ya mbele kushoto ya moto. Akalegeza breki yake kidogo palepale, na tuliposimama tena karibu na Rabai zilikuwa sawa zote. Kushika habu kwa mkono baada ya kilomita chache ni jambo ambalo kila mwenye lori la namna hii afanye kabla hajaamini geji yoyote.

Kwenye barabara ya udongo nilijaribu mvuto wa mbele na gia nzito. Magurudumu ya nyuma ni moja moja, si mapacha kama TK, kwa hiyo yanapita kwenye mkondo uleule wa yale ya mbele, na kwenye tope jepesi lori lilitembea bila kuhangaika. Kurudi lami, mvuto wa mbele nikautoa mara moja. Juu ya lami kavu tairi haziwezi kuteleza, ekseli ya mbele na ya nyuma zinapishana kwenye kona, na mzigo wote unaishia kwenye gia na propela.

Nyumbani limeoshwa chini kwa maji ya mvua kabla ya kuegeshwa, koki za upepo zimefunguliwa. Sili ya ekseli ya mbele kulia imeanza kutoa jasho la oili. Mpya imeagizwa pamoja na kifuniko cha mpira cha mkono wa stelingi, na tutaifungua kaskazi ikirudi, wakati habu inaweza kukaa wazi mezani bila kushika unyevu.